Barua Zilizongoja Mtu wa Pili

Saa nne kasoro robo asubuhi, barua pepe ilimtafuta fundi Jumbe Msengi ikamkuta juu ya mnara wa upepo, mita tisini kutoka ardhini, kamba kiunoni na spana mkononi. Ilikuwa na habari mbaya. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri ile hospitalini. Barua haikulia, haikutetema, wala haikuwasha taa kwenye simu yake. Ilikaa kimya ikangoja.

Ilingoja ashuke. Ilingoja avue mkanda, anawe mikono, anywe uji wake. Saa tano na robo shemeji yake, ambaye naye alikuwa ametumiwa barua nyepesi ya kumwomba apite pale kazini, aliingia kwenye kibanda cha mafundi akaketi karibu naye. Hapo ndipo simu ya Jumbe ilipotoa mlio mmoja wa chini, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kubisha. "Ndugu Jumbe, pole na kazi," barua ilianza. "Keti kwanza."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Stara, na jiji zima la Singida lilijivunia. Wageni waliokuja kutazama bandari ya vyombo vya anga walionyeshwa kwanza minara ya upepo, kisha mashamba ya alizeti yanayolimwa na roboti, halafu wakasimuliwa habari za Stara. Ilikuwa programu ya wavuti. Hospitali, vyuo, mahakama na vituo vya machimbo ya angani vilifungua ukurasa wake, vikaandika habari na jina la mpokeaji, basi. Mengine Stara iliyafanya yenyewe. Iliitunga barua kwa lugha ya adabu, au kama mtumaji ameshaiandika mwenyewe, iliiacha kama ilivyo. Kisha iliipima uzito kuanzia moja hadi kumi. Barua nyepesi ziliondoka papo hapo. Zilizovuka saba ziliwekwa kwenye foleni ya subira, na huko Stara iliuliza maswali matatu. Mpokeaji yuko mahali salama? Ameshakula? Yuko na mtu?

Swali la tatu lilijibiwa na kihesabuwatu, kidude kisichozidi kifungo cha shati, kilichobandikwa juu ya mlango wa kila nyumba na kila mahali pa kazi. Kilisikia mapigo ya moyo ya watu waliomo ndani. Roboti hakikuzihesabu. Katika majaribio ya mwanzo kilimhesabu mbuzi mmoja kuwa shemeji, mafundi wakacheka wiki nzima, kisha wakakirekebisha.

Aliyeibuni Stara aliitwa Mwamvita Ntandu, mhandisi wa miaka arobaini na mbili, mwembamba, mwepesi wa ulimi. Hakuibuni kwa kutafuta sifa. Alipokuwa na miaka kumi na minne, mama yake alisoma kwenye simu habari ya kifo cha mumewe akiwa peke yake jikoni, sufuria ya mafuta ikiwa motoni. Mwamvita alirudi kutoka shuleni akamkuta sakafuni, mkono umeungua mpaka kwenye kiwiko, na hata hakuwa analilia mkono. Wazee wa zamani hawakutoa habari za msiba hivyo. Mwenye msiba aliachwa ale kwanza, watu wakamzunguka, ndipo mmoja akajisafisha koo. Mwamvita aliapa kuifundisha mashine adabu hiyo, na akaifundisha. Wahenga wamesema nia njema ni tabibu. Sijui walimwona tabibu wa namna gani.

Siku ya Jumanne, tarehe ishirini na nne, msaidizi wake Yeremia Gwae aliingia ofisini bila kikombe chake cha kahawa. Gwae bila kahawa ni jambo la kutisha.

"Dada Mwamvita, una dakika moja?"

"Ukiniambia dakika moja najua unataka saa nzima. Sema."

Gwae hakucheka. "Kuna mtu yuko kwenye foleni ya subira. Ana siku kumi na tisa."

"Kihesabuwatu chake kimekufa."

"Nimekipima mara mbili. Kizima."

"Basi amesafiri. Nyumba tupu haina mtu wa kupewa barua."

"Hajasafiri," Gwae alisema. "Yupo. Asubuhi yupo, mchana yupo. Moyo mmoja tu, siku zote kumi na tisa. Kitoroli-roboti cha sokoni kinampelekea vitu mlangoni kinaondoka. Anaishi peke yake, dada. Hakuna anayeingia."

Mwamvita aligeuka akatazama ubao mkubwa ukutani. Kila asubuhi aliupitia: barua milioni moja na kidogo zimefika, watu mia tatu hivi wanangojewa. Ubao ulihesabu watu wanaongojewa, haukuonyesha wamengojewa muda gani. Kwa siku kumi na tisa mtu huyu alikuwa ndani ya ile namba, na Mwamvita aliisoma namba ile akiwa anatafuna mandazi.

Alikumbuka vizuri siku walipoandika sehemu ile, miaka sita nyuma, katika chumba hikihiki. Gwae ndiye aliyeuliza: "Mtu asipopata mwenzake je? Tuweke kikomo? Saa ishirini na nne, kisha barua iende tu?" Na yeye, Mwamvita, alimcheka. "Gwae, wewe umezaliwa wapi? Mtu gani wa kwetu anamaliza siku mbili hajabishiwa hodi? Hata chumvi tu itamleta jirani." Kwenye nafasi ya kikomo akaandika sifuri. Kwa lugha ya mashine sifuri ile ilimaanisha ngoja bila mwisho.

Sheria iliwakataza mafundi kusoma barua za watu, isipokuwa zile zilizokwama, tena kwa funguo mbili. Gwae aliweka wake, Mwamvita akaweka wake. Walidhani kuna barua moja. Zilikuwa nne.

Ya kwanza ilitumwa tarehe tano kutoka kituo cha machimbo cha Sekenke ya Juu, kilichochimba madini kwenye jiwe kubwa linaloelea mbali kupita sayari ya Mirihi. Simu haziwezi kupigwa kutoka huko, maana neno moja huchukua karibu nusu saa kufika. Watu wa huko huandikiana tu, na posta yao yote hupitia Stara.

"Mama, shikamoo. Ni mimi Mkumbo. Tangu tarehe mbili nimelazwa peke yangu kwenye chumba cha kioo, watu wamekatazwa kuingia, roboti ndizo zinanihudumia, maana vumbi la jiwe limeingia mapafuni. Daktari hakunificha, amesema wiki mbili. Kufa siogopi sana. Kinachoninyima usingizi ni lile neno ulilonitupia mlangoni siku ninaondoka, kwamba nikivuka kizingiti nisikuite mama tena. Najua baba alifia mgodini na mimi nikakimbilia mgodi mwingine. Naomba radhi yako, mama. Nitumie sauti yako, hata neno moja. Nangoja."

Ya pili, ambayo Stara iliipa uzito wa ile ya kwanza, ilikuwa ya tarehe kumi na moja. "Mama, pengine huna nafasi. Bado nangoja."

Ya tatu, ya tarehe kumi na nane, ilikuwa na makosa mengi, kama imeandikwa na mtu asiyeiona vizuri mikono yake. "Mama, kila nikiandika najibiwa kwamba barua yangu imefika salama. Kwa hiyo nimeelewa. Sina kinyongo. Ulinikataza kukuita mama na mimi nimekuita mara tatu. Unisamehe na hilo."

Ya nne ilitoka kwa msimamizi wa kituo, tarehe ishirini. Mwamvita hakuhitaji kuimaliza.

Gwae alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Hilo jibu la kwamba imefika salama," alisema polepole, "ni letu?"

"Ni langu," Mwamvita alisema. Alikumbuka hata siku alipoliandika. Watumaji walikuwa wakilalamika kwamba hawajui barua zao zimeishia wapi, naye akatunga jibu la kujiendesha, sentensi moja ya kumtuliza mtu: Barua yako imefika salama. Imefika wapi, hakusema. Ilikuwa imefika kwenye foleni. Mtu mmoja amekufa akiamini mama yake amesoma maneno yake mara tatu na kunyamaza mara tatu. Mwamvita akavuta kiti, akakaa.

Gwae alisafisha koo. "Tunaweza kusema kihesabuwatu kiliharibika. Vifaa huharibika, dada. Hakuna atakayeuliza."

Ukweli ni kwamba Mwamvita hakumkatalia. Wazo lile alilitia mfukoni akaondoka nalo. "Zizuie zote nne," alisema. "Nikiingia pale tutakuwa wawili, na zitafunguka papo hapo mbele yake. Nataka nimwambie kwa mdomo wangu. Anakaa wapi?"

Gwae alisoma kwenye kioo cha kompyuta. "Ghorofa za Mandewa. Jengo la nne, ghorofa ya tisa."

Mwamvita alimtazama akidhani anatania. Jengo la nne, Mandewa, ndiko alikokuwa akiishi yeye mwenyewe mwaka wa nne sasa, ghorofa ya sita.

Lifti ilimpandisha ikapita mlango wake wenyewe. Ukumbi wa ghorofa ya tisa ulikuwa safi na kimya, milango minane imefungwa, kitoroli kimoja kikipeleka mchele mwisho wa ukumbi. Alisimama mbele ya mlango aliotajiwa. Kulikuwa na kitufe cha kengele, lakini mkono ulikataa kukibonyeza.

"Hodi," alisema.

Kisha kitu kikaanguka ndani, kijiko au mfuniko, na sauti ya mwanamke mzee ikajibu kwa haraka ya mtu anayeogopa mgeni ataondoka: "Karibu! Karibu ndani! Nakuja, usiondoke!"

Mama Mkumbo alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani. Alimtazama Mwamvita kuanzia viatu hadi kichwani, akatabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Umepotea mlango?"

"Sijapotea. Nakaa humu humu, ghorofa ya sita. Naitwa Mwamvita."

"Ya sita! Alaa! Na sikujui!" Alimshika mkono kwa mikono yote miwili, hakuuachia. "Unajua, tangu nihamie hapa miezi saba sijasikia hodi. Hivi vitoroli vyenu havibishi, vinalia pii, ukifungua kimeshakimbia. Hata kukiambia asante hukiwahi. Kaa, kaa hapo."

"Mama, nimekuja na maneno."

"Maneno yatakaa. Utakula kwanza."

"Mama, naomba..."

"Mwanangu, wewe umelelewa wapi? Mgeni anasema huku tumbo tupu?" Alikwisha kuingia jikoni. "Nina mlenda, na ugali wa uwele nilikuwa nausonga sasa hivi. Mungu amekuleta na saa yake."

Mwamvita alikaa. Juu ya mlango kihesabuwatu kiliwasha nukta ya kijani. Watu wawili. Alijua kule ofisini Gwae ameiona nukta ileile na ameketi mikono ikiwa mapajani. Ukutani palikuwa na picha moja tu, ya kijana mwenye shingo ndefu aliyevaa kofia ya wachimbaji, akijitahidi asicheke. Mwamvita alijaribu kutomtazama, na popote alipogeuza macho kijana alikuwa pale.

Chakula kililetwa, maji ya kunawa yakamiminwa. Mama Mkumbo alikula vizuri, akisimulia bila kupumua: kijiji chao huko Iramba, mbuzi aliowaacha, majirani wa hapa wanaopita ukumbini na vitu masikioni. Mwamvita alimeza matonge mawili, la tatu likakataa. Alipokuwa akiandika swali la pili la Stara, ameshakula, hakufikiri kwamba siku moja atamtazama mtu akila namna hii, kwa furaha, akijua kinachomngoja mwisho wa sahani. Aliona haya. Aliona kwamba anamwibia huyu mama mlo.

"Unamtazama mwanangu," Mama Mkumbo alisema, akiramba kidole. "Huyo ndiye Mkumbo. Yuko huko juu, Sekenke. Tuliachana vibaya, nisikufiche. Nilimwambia neno ambalo mama hasemi. Miaka miwili limenikaa hapa." Aligusa kifua. "Lakini namshukuru Mungu, yameisha."

"Yameisha vipi, mama?"

"Nilimwandikia. Siku ya kuzaliwa kwake, tarehe tatu mwezi huu. Nikamwambia, Mkumbo, lile neno nimelifuta. Radhi nimekupa, ya ziwa ulilonyonya na ya mgongo uliokubeba, nenda nayo popote, na wewe unisamehe mimi. Niliandika huku nalia. Na kabla sijaweka simu chini nikajibiwa." Alitoa simu kwenye pindo la kanga, akaifungua kwa uangalifu, akamsogezea Mwamvita asome. "Ona. Barua yako imefika salama. Tangu siku hiyo nalala, mwanangu. Hajaniandikia, lakini ana kiburi, kakirithi kwangu. Mradi imefika."

Mwamvita alisoma sentensi yake mwenyewe kwenye mkono wa yule mama. Tarehe tatu. Mkumbo alilazwa tarehe mbili, peke yake, chumba cha kioo, akihudumiwa na roboti ambazo kihesabuwatu cha kituo hakizihesabu. Barua iliyojaa machozi namna ile uzito wake haukupungua tisa. Alijua ilikokuwa. Ilikuwa kwenye foleni ya kule juu, siku zote hizo, ikingoja mtu wa pili aingie kwenye chumba ambacho watu wamekatazwa kuingia. Radhi ilikuwa mlangoni pa mgonjwa, na mgonjwa amekufa akiiomba.

Lile wazo la Gwae lilikuwa bado mfukoni. Kifaa kiliharibika, mama. Pole sana, mama. Aliligusa mara ya mwisho. Lilikuwa wazo jepesi, na huyu mama angelipokea, maana alikuwa mtu wa kupokea.

"Mama," alisema, akanawa mikono ili apate la kuifanyia. "Mkumbo alikuwa mgonjwa. Mapafu. Alikuandikia mara tatu." Akaifuta mikono. "Amefariki, mama. Ijumaa iliyopita."

Mama Mkumbo hakupiga ukelele. Aliiweka simu mezani, akaisawazisha na ukingo wa meza, akaendelea kuitazama kana kwamba inaweza kumbishia Mwamvita.

"Mara tatu," alisema mwishoni. "Mbona sikuziona?"

"Zilizuiliwa. Wewe ulikuwa peke yako, na mashine haikutaka usome ukiwa peke yako."

"Na ya kwangu? Yeye aliisoma yangu? Ya radhi?"

Mwamvita alitamani kuongopa kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Neno moja tu lingetosha, na simu pale mezani ingemwunga mkono.

"Hapana, mama. Haikufika. Naye alikuwa peke yake."

"Imeandikwa imefika."

"Hayo maneno niliyaandika mimi. Hiyo mashine niliitengeneza mimi. Niliambiwa iwekewe kikomo, nikakataa. Nilisema hakuna mtu wa kwetu anayekaa siku mbili bila hodi." Machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta, aliona hana haki ya kuyafuta mbele yake. "Nami nakaa chini yako hapa, mama, ghorofa tatu tu. Mwaka wa nne."

Mama Mkumbo alisimama, akakusanya sahani mbili, akaziweka moja juu ya nyingine, akakaa tena bila kuzipeleka popote.

"Nipe barua za mwanangu," alisema. "Kisha utoke. Sitaki kukuona nikizisoma."

Mwamvita alimpigia Gwae. Simu iliyokuwa juu ya meza ikakohoa mara ya kwanza. Mama Mkumbo aliichukua kwa mikono miwili, na Mwamvita akatoka kama alivyoagizwa, mlango ukajifunga nyuma yake.

Alisimama ukumbini. Ndani mle palikuwa na moyo mmoja, na barua nne zenye uzito wa kumi. Alikuwa amefanya kile kile alichoapa hakitamfika mtu tena. Kuingia amekatazwa. Kuondoka hakuweza. Kisha kilio kikaanza, cha chini, kisicho na maneno, kikapita mlangoni.

Akaufuata mlango wa jirani, akaupiga kwa kiganja.

"Hodi! Hodi wenye nyumba!"

Alifungua mwanamume wa makamo, kitu sikioni, uso wa mtu aliyekatizwa. "Kengele hiyo hapo," alisema. "Kuna nini?"

"Kuna msiba. Mlango wa pili hapo. Mama Mkumbo amefiwa na mwanawe, na yuko peke yake."

Mtu yule alitoa kitu sikioni, akakisikia kile kilio. Alitazama mlango wa jirani yake kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

"Mama Mkumbo," alisema. "Ndiye nani huyo?"

Asubuhi ile ile, kabla Gwae hajaingia ofisini, Mwamvita angeuliza swali hilo hilo.

"Vaa viatu, kaka," alimwambia, naye tayari anaelekea mlango wa tatu, kiganja juu. "Ukifika utamwuliza."